Saa ya Paris, Ndara za Mahajanga

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikata vichwa vya kamba wa baharini mpaka vidole vikavimba, na siku ya pili vivyo hivyo. Sina la kuwaambia kuhusu siku hizo ila vaeni glavu. Nimestaafu mwezi uliopita. Mjukuu wangu Nasra, anayeangalia mitambo ya vyumba vya baridi huko Tanga, ameniambia, "Bibi, andika, tusome mimi na wenzangu." Nikamjibu kwamba shule nilikwenda miaka minne tu, na chuo cha Kurani miwili. Akasema mashine hazikuwahi kuniuliza cheti. Hilo kweli. Basi naandika, kwa Kiswahili alichonifundisha marehemu mume wangu, mtu wa Pemba, maana kazini tulisema Kimalagasi, mafundi wakasema Kifaransa, na nyumbani kwetu ni Kingazija. Mkikuta kosa la maneno, lirukeni. Mkikuta kosa la saa, msiliruke.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulitoka Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi, baada ya machafuko ambayo walioyaona hawayasimulii, nami sitayasimulia. Jamaa zetu wengi walirudishwa Ngazija. Mimi nilivuka kwenda kisiwa cha Nosy Be kwa shangazi yangu, nikapata kazi katika kiwanda cha kamba karibu na bandari ya Hellville. Fundi wa umeme pale aliitwa Jaovita. Wote tulimwita Zama, ndivyo watu wa kaskazini wanavyomwita mjomba. Alikuwa na tumbo, na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kuvulia.

Zama Jaovita aliona kwamba kila adhuhuri mimi ndiye wa kwanza kunawa mikono na kwenda kusali. Siku moja akanisimamisha.

"We binti Mngazija, humu ndani hakuna dirisha wala saa. Unajuaje kwamba wakati umeingia?"

"Tumbo linaniambia, Zama."

"Basi njoo nikupe na tumbo la chuma."

Akanipeleka kwenye kisanduku cha ukutani. Ndani yake mlikuwa na gurudumu la saa, linalozunguka mara moja kwa siku, na ukingoni mwa gurudumu matundu madogo ya kuchomeka pini. Pini ikifika juu inagusa waya, king'ora kinalia, na watu wanajua ni zamu, au chakula, au kufunga. Kazi yangu ikawa kuchomeka pini na kuitilia funguo saa ile kila asubuhi. Lakini hakunikabidhi mpaka nijibu swali moja, na alinirudia nalo kwa kila pini, mwezi mzima: "Pini hii ikifika juu, nani atakuwa wapi?"

Nilidhani mzee anapenda kusumbua. Nikasema, "Atakuwa kazini, wapi pengine?" Akanitoa pini mkononi akaenda zake. Siku ya tatu nikajifunza kujibu: pini hii ikifika, wanaume sita watakuwa wamebeba trei ngazini, kwa hiyo king'ora kisilie ghafla, niisogeze kidogo. Hapo akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na pini ya pili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliachia pini. Chumba cha kugandisha kilikuwa na feni kubwa za kupuliza baridi kali, na wanawake waliingia kukisugua kila siku feni zikiwa zimezimwa. Mlangoni waliacha ndara zao kwenye ubao na kuvaa mabuti, kama mtu anavyoacha viatu nje ya nyumba ya watu. Hakuna aliyewafundisha, ni adabu ya kwao. Zama alizihesabu. Ndara zikiwepo, feni haziwashwi, hata kama meneja anapiga kelele. Siku moja jozi moja ilibaki kwenye ubao, na chumbani hamna mtu. Tulingoja robo saa nzima. Kumbe mwenyewe alikuwa na haraka ya kumwahi shemeji yake wa Ambatoloaka mwenye gari, akaondoka pekupeku. Meneja alifoka sana.

Zama akamwambia, "Heri kumngoja aliyekwisha kuondoka kuliko..."

Hakumaliza sentensi, na meneja hakumuomba aimalize.

Niliolewa, nikarudi Mahajanga na mume wangu, na nikaingia kiwanda kikubwa zaidi, cha kamba pia, ambacho sitakitaja jina kwa sababu kingali kinafanya kazi na watu wake wa sasa hawana hatia. Pale chumba cha kugandisha kiliitwa handaki, kwa urefu wake. Kisanduku cha pini kilikuwepo, na nikakipokea. Ndara mlangoni nazo zilikuwepo, maana wanawake wengi walikuwa wa kwetu. Nilianza kuitwa Bweni Mariamu, na Bweni kwetu ni mama wa kuheshimiwa. Kwa wafanyakazi heshima hiyo ilikuwa na maana moja tu: usichelewe mbele yake.

Katika miaka ya tisini ikaja kompyuta. Aliyeileta ni fundi Mfaransa, Bwana Lucien, kijana mrefu, mpole, aliyeumwa na jua kila siku na kila siku akasahau kofia. Kompyuta yake iliwasha na kuzima feni, iliyeyusha barafu kwenye mabomba, na ilituma taarifa ya baridi kwenye ofisi kuu Paris. Mtu hakuhitajika tena kushika swichi. Alinifundisha kwa uvumilivu, nasema haki yake. Nilikuwa naogopa kipanya kile cha mezani kuliko panya mwenyewe, lakini ratiba niliielewa siku ya kwanza. Ilikuwa ni pini. Badala ya matundu, ni mistari kwenye kioo. Kila mstari una saa na kazi yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Bwana Lucien aliweka saa ya kompyuta iwe saa ya Paris, ili taarifa zetu na karatasi za ofisi kuu zilingane. Wakati huo Paris ilikuwa nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hiyo feni zilizotakiwa kuwaka kwetu saa sita mchana ziliandikwa saa nne asubuhi. Nikauliza kwa nini, akanieleza, nikaridhika. Nilijumlisha mbili, nikapata saa zetu, nikaandika kwenye daftari langu. Wanawake waliingia handakini saa tatu kwa king'ora cha kisanduku, wakatoka saa tano na nusu. Feni saa sita. Nusu saa nzima ya usalama. Swali la Zama nililijibu mara moja, nikaona limekwisha.

Ambalo sikulijua ni kwamba Wazungu wana desturi ya kusogeza saa zao. Mwezi wa tatu, usiku wa kuamkia Jumapili, wanazipeleka mbele saa moja ili wapate jua la jioni; mwezi wa kumi wanazirudisha. Sisi hapa hatufanyi hivyo. Jua letu linatutosha, na lingezidi tungeliuza. Lakini kompyuta ile ilizaliwa kwao, na usiku huo ikajisogeza yenyewe, bila kumwambia mtu. Paris sasa ikawa nyuma yetu kwa saa moja tu. Saa nne ya Paris haikuwa tena saa sita ya Mahajanga. Ilikuwa saa tano.

Jumatatu asubuhi feni zilizimika saa mbili badala ya saa tatu. Nilizisikia zinanyamaza. Nilikuwa nakunywa chai, nikasema alhamdulillah, leo tutaongea bila kupiga kelele. Nimeliandika hili kwanza ili msije mkasema Bweni Mariamu aliwalaumu wengine tu. Mashine iliniambia mapema, nami nikaishukuru.

Saa tatu king'ora kililia, wanaume wakatoa trei, na wanawake kumi na wawili wakaacha ndara wakaingia. Saa tano kamili nikahisi sakafu inatetemeka. Mlango ukasukumwa, wakaanza kutoka, wengine wanacheka kwa hofu, wengine wanatukana. Ukungu mweupe ukawafuata. Nilitazama ubao wakati wanavaa. Ikabaki jozi moja, yenye mikanda ya samawati, ya Zaina.

"Zaina yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma, anasugua mabomba."

Nikabonyeza kitufe chekundu cha mlangoni, cha kuzimia feni. Feni zikalegea, nikaingia. Zaina alikuwa mwisho wa handaki, ameteleza amepiga goti, na katika kuanguka alikuwa ameshika bomba la baridi kwa mkono uliolowa. Mkono ulikuwa umenata. Alinitazama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bweni, haubanduki." Wakati nataka kumjibu, feni zikawaka tena. Kompyuta ilikuwa imeangalia saa yake, ikaona bado ni muda wa feni, ikadhani imesaidia. Nilimpigia kelele mtu wa mlangoni akate swichi kuu ya umeme. Giza likaingia. Tulimmwagia Zaina ndoo ya maji ya kusugulia mpaka mkono ukaachia. Ngozi ya kiganja ilibaki pale. Baadaye hospitali walimkata ncha za vidole viwili.

Bwana Lucien alikuja na ndege ya siku iliyofuata, uso umemshuka. Alisoma mistari yake kwenye kioo, akaelewa. Kisha akasema, "Madame Mariamu, ni saa moja tu. Nitausogeza mstari, uandikwe saa tano ya Paris. Mambo yatarudi sawa."

"Na mwezi wa kumi?"

"Mwezi wa kumi mtanipigia simu mnikumbushe, niurudishe."

"Anayengoja kukumbushwa ameshasahau, Bwana Lucien."

"Wewe si utakumbuka?"

"Nikiwa na homa? Nikiwa msibani? Nikifa?"

Mkurugenzi wa kiwanda, tuliyekuwa ofisini kwake, ndiye aliyejibu. Alituambia ofisi kuu inataka saa ya aina moja kwa viwanda vyote, na jambo limekwisha. Nilitoka ofisini kwake nikaenda hospitali. Zaina alikuwa amelala, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Nikamweleza.

"Mwezi wa kumi nitakuwa nimerudi kazini," akasema. "Sina kazi nyingine, Bweni. Nina watoto watatu. Nitaingia mle."

"Hutaingia mpaka mashine ishike saa yetu."

"Na wasipokubali?"

"Basi hakuna atakayeingia, na kamba watajisugulia wenyewe."

Akacheka, na kwa kucheka mkono ukamuuma, akanitukana kidogo. Nilifurahi kusikia tusi lake.

Kuandika barua si kazi yangu. Asubuhi nilisimama mlangoni mwa handaki kabla ya king'ora. Nikawaambia wanawake wanipe ndara zao. Zile za Zaina zilikuwa bado kwenye ubao, hakuna aliyethubutu kuziondoa. Nikazitia zote kwenye trei ya kamba, nikapanda ngazi, nikazipanga mezani kwa mkurugenzi, jozi kumi na mbili, juu ya karatasi zake. Kwetu kumwekea mtu kiatu mezani ni tusi kubwa, naye alikuwa amekaa Mahajanga muda wa kutosha kulijua hilo.

"Bweni, toa viatu mezani kwangu."

"Nitatoa. Nionyeshe kwanza kompyuta yako inazionaje."

"Kompyuta haioni viatu."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

"Unataka nini hasa?"

"Mambo mawili. Feni zifuate saa ya watu wanaoingia, siyo ya watu wanaosoma taarifa. Na feni zisiwake hata saa ikifika, mpaka mkono wa mtu aliyehesabu ndara ubonyeze kitufe mlangoni. Mpaka hapo, wanawake wako wapo uani, wanakunywa chai, pekupeku."

Alisimama dirishani. Walikuwepo kweli, kumi na mmoja, miguu mitupu, na siku hiyo mashua mbili zilikuwa zimeleta kamba. Bwana Lucien alikuwa kwenye kona. Ndipo kijana yule akafanya jambo ambalo sijalisahau.

"Inawezekana," akasema. "Ningepaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Saa ya ndani iwe ya hapa, isiyosogea. Taarifa peke yake ndiyo ihesabiwe kwa Paris inapotoka. Ni kazi ya siku mbili."

"Siku mbili handaki litasuguliwa na nani?" mkurugenzi akauliza.

"Likae chafu," nikasema, nikaanza kukusanya ndara.

Zilikuwa siku tatu. Nilikaa nyuma ya Bwana Lucien siku zote tatu, na kwa kila mstari aliouandika nilimuuliza swali la Zama: huu ukifika, nani atakuwa wapi? Siku ya kwanza alivuta pumzi kila nikiuliza. Siku ya tatu alikuwa anajibu kabla sijafungua mdomo. Tulipofika mstari wa kutuma taarifa, ulioandikwa saa nane na nusu usiku ya Paris, alicheka peke yake. Akanieleza kwamba usiku wa mwezi wa tatu saa hiyo Paris haipo kabisa, wanairuka; na usiku wa mwezi wa kumi ipo mara mbili. Kwa hiyo taarifa ya kwanza isingetoka, na ya pili ingetoka mara mbili, na ofisi kuu wangeuliza ipi ya kweli. Nikamwambia aiondoe mahali hapo, aiweke asubuhi wakati watu wameamka. Saa inayoweza kukatwa au kurudiwa usiipe kazi. Hili liandikeni ukutani.

Mwezi wa kumi ulifika. Zaina alikuwa amerudi kazini wiki ile, glavu ya mkono wa kushoto ameishona upya vidole viwili viwe vifupi. Jumatatu hiyo nilisimama mlangoni tangu saa mbili, nikiwa na saa ya mkononi, na saa ya Zama, maana alipostaafu alinitumia saa yake ya mfukoni, ya kutilia funguo, kwa mkono wa mtu aliyetoka Nosy Be. Feni zilizimika saa tatu. King'ora saa tatu. Zaina aliweka ndara zake mbele yangu, taratibu, akazilinganisha ncha.

"Bweni, ukinisahau nitakuandama."

"Sugua huko nyuma vizuri. Mara ya mwisho uliacha."

Walitoka saa tano na nusu. Nilihesabu ubao mtupu. Saa sita taa ya kitufe ikawaka, ikingoja. Nikabonyeza, feni zikaanza. Zaina alikuwa amekaa uani anakula muhogo, hakugeuza hata kichwa. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kazini.

Baada ya hapo kompyuta zilibadilika mara nyingi kuliko mapazia ya nyumbani kwangu. Kila fundi mpya alikuja na mashine inayojua kila kitu, na kila mmoja nilimuuliza mambo yale yale. Saa ya mashine yako ni ya wapi? Inajisogeza? Ikijisogeza, nani atakuwa ndani? Wengine waliniona mzee msumbufu. Mmoja aliniambia siku hizi mambo haya yanajiendesha. Nikamwambia hata siku ile yalijiendesha, ndiyo maana Zaina hana ncha za vidole. Nilipokwenda Nosy Be kumzika shangazi, binamu yangu mwenye nyumba ya wageni Ambatoloaka alinilalamikia kwamba simu yake ya mapokezi imewaamsha wageni saa moja mapema mno kwa boti ya kisiwa cha Sakatia, na wamekaa ufukweni wanaumwa na mbu. Ilikuwa mwezi wa tatu. Sikuhitaji hata kuitazama.

Nafasi yangu ameichukua Nirina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye diploma ya kompyuta na ulimi mwepesi. Yeye huniita Dady, bibi kwa lugha ya watu wa pwani yao. Nimemfundisha miaka miwili. Ratiba anaijua kuliko mimi. Sikuwa na wasiwasi na akili yake. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba kitufe unachobonyeza kila siku, mwisho unakibonyeza bila kuangalia.

Siku yangu ya mwisho walipika wali na kuku, wakatoa hotuba. Kulipokaribia saa sita niliwaambia nakwenda kuaga. Nilivaa koti na mabuti, nikaacha ndara zangu kwenye ubao, nikaingia handakini na kuufunga mlango nyuma yangu. Nilisimama pale ambapo Zaina aliangukia. Saa ya Zama ilikuwa mfukoni. Kitufe cha dharura nilikijua kilipo, mlango una mpini wa ndani, sikwenda kufa. Nilikwenda kuona.

Saa sita ikafika. Kimya. Saa sita na dakika tano, kimya. Niliwasikia wanaume nje wanalalamika kwamba kamba wanalainika, na sauti ya Nirina inawaambia wanyamaze. Saa sita na dakika kumi na tano mlango ukafunguka kwa nguvu.

"Dady! Una wazimu? Nimekutafuta jikoni, nimekutafuta langoni, nimempigia simu hata binti yako!"

"Kwa nini hukubonyeza? Ungeweza kudhani nimeondoka pekupeku."

"Wewe? Uondoke pekupeku?" Akaninyooshea ndara zangu usoni. "Zilikuwa hapa. Zikiwa hapa sibonyezi. Ulinifundisha nini miaka miwili yote?"

Sikumsifu. Nilivua mabuti, nikavaa ndara, nikampa saa ya Zama na kumwambia hutiliwa funguo kila asubuhi. Kisha nikachukua mfuko wangu nikaondoka. Nilikuwa nimefika langoni nilipozisikia feni zinaanza, robo saa baada ya wakati wake. Sikugeuka.